Je, Skuta Yafaa kwa Njia za Mashambani?



Tangu mvua za masika zilipokwisha, wakulima kadha wa kadha wamefika katika ofisi yetu hapa Mtopanga kuuliza jambo ambalo halimo katika vitabu vya kilimo. Hawaulizi mbegu, wala mbolea, wala dawa ya chonga anayetoboa minazi. Wauliza kama ni vyema mkulima anunue skuta, na hasa zile skuta mpya ziitwazo skuta za safari, zenye matairi ya meno, kioo cha kukinga upepo, na sura kali kama pikipiki za mashindano ya jangwani. Vijana wao wameziona katika picha, na wengine wameziona kwa macho zikipita Nyali. Bwana Shamba hujibu maswali ya mahindi, nami karani nimeachiwa hili la magurudumu.

Maoni yangu ni haya. Skuta ni chombo chema kwa barabara ya lami na kwa murram iliyoshindiliwa vizuri. Lakini kwa njia za mashamba yetu wakati wa mvua haifai kuwa chombo cha pekee cha mkulima, hata ikiwa imepewa jina la safari. Najua wako watakaokasirika, kwa kuwa wamekwisha kuzipenda. Nitaeleza sababu zangu, kisha mtaamua wenyewe, kwani fedha ni zenu.

Tena fedha zenyewe si kidogo. Pikipiki mpya ya kawaida ya sisi 150 yagharimu zaidi ya shilingi laki moja, na skuta ya safari yapita bei hiyo kwa mbali. Kwa fedha hizo mtu aweza kununua ng'ombe wa maziwa, au tangi la maji, au kulipa karo ya mtoto wa sekondari. Mkulima wa skimu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Maembe na korosho huleta fedha katika majira ya kaskazi, mahindi ya masika huvunwa kiasi cha mwezi wa Agosti, na nazi huangushwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini mwenye kukopesha pikipiki ataka fedha zake kila mwezi, na wengine wataka kila wiki au hata kila siku, kwa sababu mikopo ile ilitungwa kwa ajili ya vijana wa bodaboda, ambao hupata kidogo kidogo kila kukicha. Basi ukinunua chombo kisichoweza kupita njia yako mwezi wa Mei, utakuwa ukilipa deni la kitu kilichoegemezwa ukutani. Na baadhi yenu mngali na deni la shamba lenyewe. Sitaki kusikia kwamba mtu ameweka hati ya shamba rehani kwa ajili ya magurudumu mawili.

Sasa tuitazame skuta yenyewe ilikotoka. Vespa ilianza kuundwa katika kiwanda cha Piaggio huko Italia mwaka 1946, mara baada ya vita kuu ya pili. Aliyeichora aliitwa Corradino D'Ascanio, naye alikuwa fundi mkuu wa mambo ya ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Alitaka chombo ambacho mtu aweza kukipanda bila kuinua mguu juu ya injini, kisichomwagia mpandaji oili katika nguo, na ambacho gurudumu lake laweza kufunguliwa upesi kama la motokaa. Mwaka uliofuata, 1947, kiwanda cha Innocenti cha Milano kikatoa Lambretta. Vyombo vyote viwili vilikusudiwa watu wa mji: karani aendaye kazini na suti yake, mama aendaye sokoni, daktari aendaye kumtazama mgonjwa. Haukuwa ujinga kufanya hivyo. Kila chombo huundwa kwa ajili ya njia fulani, na njia ya skuta ilikuwa barabara ya lami.

Alama ya kwanza ya jambo hili ni gurudumu. Vespa nyingi za mtindo wa zamani zina rimu ya inchi 10, na ukipima pamoja na tairi utapata kama sentimita 43 toka chini hadi juu. Pikipiki za kawaida za bodaboda, kama Boxer na TVS mnazoziona kila mahali, zina rimu ya inchi 17, na pamoja na tairi hufika karibu sentimita 58. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi. Lakini fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. Laza penseli juu ya meza. Viringisha sarafu ya shilingi ielekee penseli, kisha viringisha kifuniko cha sufuria. Sarafu itagonga penseli na kusimama au kuanguka. Kifuniko kitapanda juu yake na kuendelea na safari. Penseli ni ile ile na meza ni ile ile. Vivyo hivyo gurudumu dogo huanguka mpaka chini ya shimo ambalo gurudumu kubwa hulivuka juu kwa juu, na jiwe ambalo gurudumu kubwa hulipanda, gurudumu dogo huligonga usoni. Mwenye kuendesha huupokea mgongano huo katika mikono na mgongo, na akiwa amebeba mayai, mayai nayo huupokea.

Hapa kwetu njia zenyewe si za namna moja, na jambo hili wauzaji wa mjini hawalifikiri. Ukitoka ufukweni Bamburi ukaelekea bara, kwanza wapita juu ya jiwe la matumbawe, lile lile ambalo limelisha kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu mwaka 1954. Nyuma ya jiwe hilo waingia katika mchanga. Na kadiri unavyozidi kwenda bara, kuvuka mashamba ya upande wa Mwakirunge na kuendelea, wakutana na udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba laini ya kale. Kwa hiyo mkulima mmoja, katika safari moja ya kwenda sokoni, aweza kupita njia tatu zisizofanana.

Jiwe la matumbawe ni kali kama kisu. Hukata tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Tena hutokeza juu ya njia kama vichwa vya misumari, na skuta ambayo tumbo lake liko chini hukwaruza na kugonga. Katika skuta nyingi injini imefungwa pamoja na gurudumu la nyuma, na vyote viwili huruka pamoja kila gurudumu linaporuka, kwa hiyo springi za nyuma zina kazi ya kuinua mzigo mzito wa chuma kabla hazijamfikiria mpandaji.

Mchanga una ubaya wake wa namna nyingine. Katika mchanga mtu ataka mwendo ulio sawa, gia ya pili, na mkono usiotetemeka. Mpini wa skuta huyumba upesi kwa kuwa gurudumu la mbele ni dogo na uzito mwingi uko nyuma. Mwendeshaji hodari atapita. Lakini nauliza, je, mkeo atapita akiwa na mtoto mgongoni, akienda zahanati?

Ama udongo wa mfinyanzi, huo ndio hakimu wa kweli. Baada ya mvua hushika tairi, ukaijaza nafasi iliyopo kati ya tairi na bango la matope, ukakaza mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Wenye pikipiki nao hupatwa na haya, msidhani nawapendelea. Mmewaona vijana wakisimama njiani na kijiti, wakikwangua matope, na wengine hulifungua kabisa bango la mbele wakati wa masika. Lakini katika pikipiki nafasi hiyo iko wazi na kijiti huingia. Katika skuta gurudumu limefunikwa na mabati au plastiki pande zote, na kuifungua kwataka bisibisi, spana, na uvumilivu wa Ayubu, nawe umesimama katika matope.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazami ni namna nguvu ya injini inavyofika katika gurudumu. Vespa ya zamani ina gia za mkononi, na hilo ni jema. Lakini skuta mpya karibu zote, pamoja na hizi za safari, hazina gia za kubadilisha. Zina mkanda wa mpira uzungukao ndani ya kasha, na mwendeshaji huvuta mafuta tu, chombo chajiendea. Mjini hakuna raha kama hiyo. Lakini ukiteremka mlima mkali, kama ile ya Shimba Hills, pikipiki yenye gia huishusha taratibu kwa nguvu ya injini yenyewe, nawe wabakiza breki kwa dharura. Skuta ya mkanda, mwendo ukiwa mdogo sana, huiachilia injini, na kazi yote yaziangukia breki. Na ule mkanda nao ni chakavu cha kubadilishwa. Vumbi na maji vikiingia ndani ya kasha huteleza, na ukikatika njiani hapana la kufanya ila kusukuma. Cheni ya pikipiki ikikatika, fundi wa chini ya mwembe ataiunga kwa kipingili kimoja na nyundo, nawe utafika nyumbani kabla ya magharibi.

Na hapo ndipo lilipo jambo zito kuliko yote, yaani fundi na vipuri. Mkulima hanunui chombo peke yake, hununua na duka la vipuri lililo karibu naye. Cheni, plagi, tyubu, na waya wa klachi vya pikipiki za kawaida vyapatikana Mtopanga, Mtwapa, Kilifi, na katika vijiji vingi ambavyo havina hata duka la dawa. Mkanda wa skuta ya kigeni je? Utauagiza mjini, na ukikosekana mjini utaungojea. Pancha nayo ni vivyo hivyo. Katika skuta nyingi za sasa gurudumu la nyuma halitoki mpaka umefungua bomba la moshi. Hapa napenda kuisifu Vespa ya zamani, kwani ilikuwa na gurudumu la akiba, na la mbele na la nyuma ni sawa, na kulibadilisha ni kazi ya dakika chache. Sijui kwa nini waundaji wa leo waliiacha hekima hiyo huku wakituongezea taa za kumetameta.

Wako watakaonijibu: "Mbona watu wamezunguka dunia kwa skuta?" Ni kweli, na mifano yake ni mizuri. Mwaka 1964 Mwitalia Roberto Patrignani alitoka Milano kwa Vespa akaenda mpaka Tokyo, mahali palipofanyika michezo ya Olimpiki mwaka huo. Mwitalia mwingine, Giorgio Bettinelli, alitoka Roma mwaka 1992 akafika Saigon, Vietnam, mwaka uliofuata, na baadaye akapita mabara mengine kwa Vespa vile vile. Watu hawa nawastahi. Lakini tazameni vizuri walichofanya. Kila mmoja alibeba mizigo yake tu. Njia mbaya aliipita mara moja, hakuirudia kesho na kesho kutwa. Mvua ikinyesha aliweza kupumzika siku tatu, kwani hakuwa na maziwa yatakayoganda wala mchicha utakaonyauka. Mkulima hupita shimo lile lile mara kumi na mbili kwa wiki, na shimo lazidi kuwa kubwa.

Mfano ulio karibu zaidi na habari yetu ni ule wa mashindano ya Paris hadi Dakar ya mwaka 1980. Waendeshaji wanne waliingia jangwani kwa Vespa za sisi 200, nazo zilifuatwa na motokaa ya kuwasaidia. Mbili zilifika Dakar, mbili hazikufika. Watu wa Ulaya walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana hapana aliyedhani hata moja ingefika. Lakini mkulima na apige hesabu kwa namna yake. Nusu zimefika, na motokaa ya spea ilikuwa nyuma yao. Nani kati yenu ana motokaa ya spea?

Nisije nikaonekana kuwa adui wa skuta, na tuvuke bahari twende Unguja. Kule Vespa ni kama mtu wa nyumbani. Wazee huziendea msikitini na sokoni, vijana huzirithi kwa baba zao, mafundi wanazijua usiku na mchana, na wageni hukodi za kwao wakazunguka nazo kisiwa. Kwa nini zimefaa kule? Kwa sababu kisiwa chenyewe urefu wake ni kama kilomita 85, barabara kuu zimetiwa lami, vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na fundi yuko kila mtaa. Si kwamba Waunguja wana mikono ya ajabu kuliko yetu. Chombo na njia vimekubaliana. Hata katika Mji wa Kale wa Mombasa mtaona jambo hilo hilo.

Tena skuta ina mema ambayo wenye pikipiki hawayasemi. Mahali pa kuwekea miguu ni sakafu iliyo bapa, na juu ya sakafu hiyo mtu aweza kusimamisha mtungi wa maziwa au dumu la lita 20 katikati ya miguu, chini kabisa, mahali ambapo mzigo hauyumbishi chombo. Bango la mbele humkinga mpandaji asirushiwe matope. Mwanamke aliyevaa buibui au dera na leso apanda kwa heshima, hana haja ya kurusha mguu juu ya tangi la petroli mbele ya wazee. Jambo hili wanaume hulicheka, lakini mimi silicheki. Katika nyumba nyingi za skimu mama ndiye auzaye maziwa, ndiye apelekaye mtoto zahanati, ndiye ahudhuriaye mkutano wa kikundi. Ikiwa nyumba yako iko kando ya barabara ya Malindi, au kando ya murram ngumu, na safari zake ni za kilomita chache, basi skuta nyepesi ya kawaida yaweza kuwa chombo bora kwake kuliko pikipiki itakayobaki mikononi mwa mwanao na kugeuzwa bodaboda bila ya idhini. Hapo nakubali kwa moyo wote.

Sasa hizi za safari. Waundaji wake si wapumbavu, wameyaona makosa ya gurudumu dogo na wamejaribu kuyapunguza. Honda ADV 160, iliyotoka mwaka 2022, ina rimu ya inchi 14 mbele na 13 nyuma, na tumbo lake limeinuliwa kama sentimita 16 na nusu kutoka ardhini. Ukipima gurudumu lake la mbele pamoja na tairi ni kama sentimita 53, yaani imeukaribia ule urefu wa pikipiki ya kawaida. Kwa murram ya kiangazi itakwenda vizuri, na mwenye kutembea kutoka Mombasa hadi Malindi kwa starehe ataipenda sana. Lakini haijaacha mkanda wake, wala plastiki zake, ambazo mwanguko mmoja mdogo huzivunja. Iko na nyingine kubwa, X-ADV ya mwaka 2017, yenye injini ya sisi 745 na cheni na rimu za spoki. Hiyo kwa kweli ni pikipiki kubwa iliyovaa kanzu ya skuta. Uzito wake wapita kilo 230. Ikilala katika tope la mfinyanzi, mtu mmoja hataiinua. Na bei yake sitaitaja, maana huuzwa kwa watu wasiosoma gazeti hili.

Basi mkulima hulipa fedha nyingi ili apate skuta iliyokaribia kuwa pikipiki, na huku pikipiki yenyewe ipo kwa bei ndogo. Hilo ndilo linalonishangaza.

Chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu kama sisi kipo tangu zamani. Mnamo mwaka 1973 Yamaha walitoa pikipiki iitwayo AG 100, na herufi hizo mbili zilikuwa na maana ya kilimo. Ilikuwa na vichukuzi vya mizigo mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa yote isiingie matope, na vyuma vya kusimamishia pande zote mbili, ili mtu aweze kuiegemeza upande wowote mteremko unakoelekea. Mabwana shamba na waganga wa mifugo wa Afrika waliitumia miaka mingi. Hata Honda, walipotoa Super Cub mwaka 1958, waliichukua ile njia rahisi ya kupanda ya skuta na bango lake la kukinga matope, lakini wakaitia magurudumu ya inchi 17 na cheni yenye kifuniko. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wamekwisha kuunda zaidi ya milioni 100 za namna hiyo. Ukitaka sakafu ya skuta na miguu ya pikipiki, tafuta chombo cha ukoo huo. Si kipya katika picha, bali kimejaribiwa.

Na yuko shahidi mmoja ambaye nadhani hamkumtazamia. Kampuni ya Bajaj ya India, iundayo zile Boxer mnazozijua, ilianza kwa kuunda skuta. Iliunda Vespa kwa ruhusa ya Piaggio, kisha kuanzia 1972 ikatoa skuta yake iliyoitwa Chetak, na nyumba nyingi za Wahindi zilingojea miaka kabla ya kuipata. Lakini kufikia miaka ya mwisho ya 1990 wanunuzi wa India, na hasa wa vijijini, walikuwa wameigeukia pikipiki, na mwaka 2009 kampuni ikaacha kuunda skuta kabisa. Iliporudi kuziunda mwaka 2020, jina likiwa lile lile Chetak, ilikuja na skuta ya umeme kwa ajili ya watu wa mjini. Wakulima wa India wana mashimo kama yetu na mvua kubwa kuliko zetu, nao walikwisha kupiga kura kwa mifuko yao.

Jambo la mizigo nalo lina neno. Nimewaona watu wakifunga magunia mawili nyuma ya skuta, nyuma kabisa ya mhimili wa gurudumu, mpaka gurudumu la mbele likawa lagusa ardhi kwa hisani tu. Chombo kama hicho hakigeuki mtu anapokigeuza. Gunia la mahindi ni kazi ya mkokoteni, au tuktuk, au gari la kikundi, wala si kazi ya skuta, na hata pikipiki hulibeba kwa kunung'unika. Na sheria ya barabara ya Kenya yasema abiria ni mmoja tu, na kofia ya chuma na koti la kung'aa ni lazima, awe mtu yuko njia kuu ya Mombasa au yuko katika njia ya skimu. Mbuzi hakutajwa, lakini naye asipande.

Ikiwa baada ya hayo yote ungali waitamani skuta, usinunue mwezi wa Januari wakati njia zote ni nyeupe na ngumu na kila chombo ni shujaa. Ngoja mvua za vuli. Tafuta mtu mwenye skuta kama ile unayoitaka, mlipe petroli yake, na umwombe mje mpaka shambani kwako siku moja baada ya mvua nzuri. Funga juu yake ule mzigo ubebao kila wiki, usiupunguze. Mwite na fundi wako atembee kwa miguu nyuma yenu. Mpite mahali pabaya kuliko pote, kwenda na kurudi, kisha mfungue gurudumu la nyuma mkiwa hapo hapo, kana kwamba limepata pancha, na fundi aangalie saa tangu spana ya kwanza mpaka gurudumu lirudi mahali pake. Muulize na bei ya mkanda, na duka lililo karibu liuzalo mkanda huo. Andika majibu yote katika karatasi, umpe mkeo ayasome, kwa sababu naye atakuwa akilipa.